Nafasi nyeupe kati ya seli

Supu ya makongoro ikibaki usiku, kwa joto la Dar es Salaam itaamka sufuriani ikiwa maji vilevile. Ukiiweka kwenye friji ni habari nyingine: asubuhi unaikuta imeganda, inatetemeka, ukiinamisha bakuli haimwagiki. Hakuna aliyeongeza unga wala yai. Kilichoishika ni protini iliyotoka kwenye ngozi, kano na gegedu za miguu ya ng'ombe, ambayo moto wa saa nyingi umefumua nyuzi zake zikaingia majini. Protini hiyo ikiwa nzima huitwa kolajeni. Ikishafumuliwa kwa moto huitwa jelatini. Naanza na supu kwa sababu sijui njia nyingine ya karibu hivi ya kukiona kwa macho kitu ambacho michoro yetu ya shule imekiacha wazi.

Nafundisha baiolojia sekondari, upande wa Temeke. Kwenye mchoro wa tishu tunaouchora ubaoni kila mwaka, seli zimepangwa kama matofali, kila moja na kiini chake, na kati yao pameachwa nafasi nyeupe. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini swali huja kwa Kiswahili, kipindi kikiisha, mwanafunzi amesimama pembeni ya meza: "Mwalimu, hapa katikati kuna nini?" Mimi nilipouliza swali hilohilo nikiwa kidato cha tatu nilijibiwa kwamba ni gundi ya kuzuia seli zisiachane. Nililibeba jibu hilo miaka mingi. Lina ukweli kidogo, na limefunika jambo kubwa: sehemu kubwa ya umbo la mwili, kuanzia matawi ya mapafu hadi mkunjo wa unyayo, huamuliwa papo hapo kwenye hiyo nafasi nyeupe.

Wataalamu wanaiita matriki ya nje ya seli. Hapa nitaiita matriki tu. Ni wavu wa protini na sukari ndefu ambao seli zenyewe huutengeneza ndani, huutoa nje na kuupanga kuzizunguka. Fikiria tofali linalotoa saruji yake lenyewe, kisha saruji ile ikaliambia tofali liwe nguzo au liwe kizingiti, na tofali likishabadilika likatoa saruji ya aina nyingine. Hakuna fundi wa nje. Kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, hujijenga kwa kwenda na kurudi huko, kati ya seli na kile zilichokitoa.

Wengi tunadhani kazi hiyo ni ya jeni peke yake. Jeni zina maelezo ya kutengeneza protini, na maelezo hayo ni ya lazima, lakini ukizisoma zote mwanzo hadi mwisho hutakuta mchoro wa figo mahali popote. Umbo la figo hutokea pale seli zinapovutana, kusukumana, kupanda juu ya kitu na kukwama kwenye kitu. Kitu hicho ni matriki.

Kolajeni ndiyo mzee wa nyumba. Karibu theluthi moja ya protini yote iliyo mwilini mwako ni kolajeni, na binadamu ana aina 28 za protini hiyo. Aliyewahi kumtazama fundi wa pwani akisokota kamba ya makumbi ataielewa bila shida: nyuzi moja moja husokotwa upande mmoja, kisha nyuzi hizo huunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili, ili kamba ikivutwa ijikaze badala ya kufumuka. Kolajeni imesokotwa hivyohivyo. Kila mnyororo wake umejiviringisha kushoto, na minyororo mitatu kwa pamoja imeviringishwa kulia. Muundo huo wa kamba ya nyuzi tatu ulipendekezwa mwaka 1954 na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, wakiwa Madras, India. Ili nyuzi tatu zikae karibu kiasi hicho, kila nafasi ya tatu ya mnyororo lazima ikaliwe na glisini, iliyo ndogo kuliko amino asidi zote (vijenzi vya protini), kwa sababu katikati ya kamba hapana nafasi ya nyingine. Glisini moja tu ikibadilishwa na amino asidi nene zaidi, kamba hulegea hapo. Kuna watoto wanaozaliwa na mifupa inayovunjika kwa kuguswa, wengine wakiwa wameshavunjika tangu tumboni, na kwa wengi wao chanzo ni kasoro ya namna hiyo kwenye jeni ya kolajeni. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Humu pabovu ni herufi moja ya jeni.

Kamba hiyo pia inahitaji vitamini C ili ikaze. Mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi bila matunda walipata kiseyeye: fizi zinavuja damu, meno yanalegea, na makovu ya zamani yaliyokwisha kupona yanafunguka upya. Hilo la makovu ndilo linalonigusa zaidi kila ninapolifundisha. Kovu la miaka 10 linafunguka kwa sababu kolajeni yake haikukaa tu pale. Ilikuwa ikivunjwa na kusokotwa upya kila siku, na siku vitamini ilipokosekana uvunjaji uliendelea, usokotaji ukakwama. Anayekula ubuyu au chungwa anazilisha kamba zake.

Kolajeni haikai peke yake. Kuna asidi ya hayaluroniki, mnyororo mrefu wa sukari unaovuta maji na kuvimba. Mtu mzima wa kilo 70 anayo kama gramu 15 hivi, na theluthi moja huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Vali za moyo wako zilianza na kitu hiki: moyo wa kiinitete ukiwa bado mrija mwembamba, kati ya ukuta wake wa ndani na wa nje kuna jeli iliyojaa asidi hiyo, na jeli inapovimba sehemu maalumu seli huingia ndani yake na kuanza kufanya vali. Mwaka 2000 watafiti walichapisha habari za panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya kinachoitengeneza. Jeli haikutokea, mito ya vali haikutokea, na panya hao walikufa tumboni wakiwa na siku kama 10 tu.

Kuna fibronektini, uzi unaonata ambao seli zinazosafiri huushika njiani. Panya wasiokuwa nayo kabisa nao hufa mapema, mwili umeshindwa hata kugawanyika pingili za uti wa mgongo. Na kuna kiwambo cha chini, ambacho namwomba msomaji akikumbuke kwa sababu kitarudi. Ni mkeka mwembamba wa protini iitwayo laminini na kolajeni ya aina ya nne, ambao juu yake hukaa seli zinazofunika ngozi, zinazotanda ndani ya utumbo na zinazofanya tezi. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa karatasi ya daftari. Mkeka huo ukitoboka pasipotakiwa, kiungo hukosa mpaka.

Sasa twende tumboni, tuone kazi yenyewe. Nitachagua tezi ya mate, kiungo ambacho hakuna anayekisifia, kwa sababu kinafundisha kuliko kingine chochote ninachokijua.

Kwenye kiinitete cha panya cha siku 12 hivi, tezi ya mate ni donge moja dogo la seli kwenye kikonyo, limezamishwa ndani ya tishu laini. Siku mbili tatu baadaye donge hilo limepata nyufa, limegawanyika vichipukizi, na kila kichipukizi kimepata nyufa zake, mpaka unapata kitu kama kichala cha zabibu. Uzuri wake ni kwamba ukiitoa tezi hiyo na kuiweka kwenye chombo maabara, inaendelea kuchipua mbele ya macho yako. Mapafu, figo na matiti hujengwa kwa mtindo huohuo wa kugawanyika na kugawanyika tena; hivyo ndivyo mapafu ya mtu mmoja yanavyopata vifuko vya hewa mamia ya mamilioni ndani ya kifua kimoja.

Mwaka 1953, Clifford Grobstein, mtafiti wa Marekani, aliitenganisha tezi hiyo: donge la seli huku, tishu laini inayolizunguka kule. Donge peke yake halikuchipua. Aliporudisha tishu ile, likachipua. Kwa hiyo amri ilitoka nje ya donge. Mwaka 1965, yeye na mwenzake Cohen waliimwagia tezi kimeng'enya kinachokata kolajeni, na tezi iliyokwisha kupata matawi ikapoteza umbo lake. Seli zilikuwa hai. Jeni zilikuwa zilezile. Kilichoondoka ni zile kamba, na umbo likaondoka nazo.

Baadaye sana, mwaka 2003, maabara ya Kenneth Yamada kule Marekani ilionyesha kinachotokea ndani ya ufa wenyewe. Mahali ufa unapoanzia, fibronektini hujikusanya kama kabari inayopigwa kwenye gogo. Wakiizuia isitengenezwe, tezi inabaki donge. Wakiiongeza, nyufa zinaongezeka. Ningefurahi kama maelezo yangeishia hapo, ni rahisi kuyachora ubaoni. Lakini kabari peke yake haielezi kwa nini donge zima linakunjamana, na mwaka 2021 maabara hiyohiyo ilirudi na jibu la kina zaidi.

Seli za juu kabisa ya donge, zile zinazogusa kiwambo cha chini, hukishika kiwambo kwa nguvu kuliko zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Seli za ndani zinashikana sana. Seli za juu zinapogawanyika, mtoto mmoja anaweza kusukumwa ndani kidogo, lakini hurudi juu kwa sababu anakipenda kiwambo kuliko jirani. Hivyo tabaka la juu linazidi kupanuka kuliko ujazo ulio ndani yake. Kila anayejua kushona anajua kitakachofuata: kitambaa kikizidi ukubwa wa kitu kinachofunikwa, kinajikunja. Mikunjo ile ndiyo vichipukizi. Wakathibitisha kwa njia niliyoipenda sana: walichukua seli nyingine kabisa zisizo za tezi, wakazipunguzia kushikana zenyewe, wakaziongezea kushika kiwambo, na seli hizo zikaanza kutoa vichipukizi. Tezi haikuhitaji kuijua picha ya kichala cha zabibu. Ilihitaji seli zinazochagua zishike nini.

Mfano wa pili ni wa nzi mdogo wa matunda, yule anayezunguka maembe yaliyoiva sana msimu wa Desemba. Yai lake linapoanza ni la duara, na linapokomaa ni refu kama punje ya mchele. Nani analirefusha? Yai linalokua limezungukwa na tabaka la seli, na nje ya seli hizo kuna kiwambo cha chini. Mwaka 2011 Saori Haigo na David Bilder walichapisha walichokiona kwa darubini: tabaka zima la seli linatembea, linalizungusha yai ndani ya kiwambo, duru baada ya duru, huku seli zikitandaza nyuzi za kolajeni kuelekea uelekeo wa mzunguko. Mwishowe yai linakuwa limefungwa pande zote kwa pete za kolajeni kiunoni. Linaendelea kukua, lakini kiunoni limebanwa, kwa hiyo linarefuka kuelekea ncha mbili. Mama zetu waliofungwa mkaja baada ya kujifungua wanaielewa kanuni hii bila darubini: ukibana katikati, kilichomo kitatafuta juu na chini. Nzi wenye kasoro kwenye kolajeni hiyo hutaga mayai ya duara.

Hadi hapa matriki imefanya kazi ya kubana, kupasua na kuelekeza. Kuna kazi nyingine iliyochukua muda mrefu kukubalika, nayo ni ya kuiambia seli iwe seli ya aina gani.

Mnunuzi wa parachichi Kariakoo haulizi kama limeiva. Analibonyeza kwa kidole gumba. Seli nayo inabonyeza, au tuseme inavuta. Kwenye ngozi yake kuna vipokezi vinavyoitwa integrini, vya aina 24 kwa mamalia, ambavyo upande wa nje vinashika matriki na upande wa ndani vimeunganishwa na nyuzi za misuli midogo ya seli. Seli inavuta, na matriki ikivutika kirahisi inajua iko mahali laini. Ikigoma, inajua iko mahali pagumu. Mvuto huo unageuzwa kuwa ujumbe wa kikemia, unafika kwenye kiini, na jeni fulani zinawashwa au kuzimwa.

Mwaka 2006 timu ya Adam Engler na Dennis Discher, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilichukua seli shina za uboho, ambazo bado hazijawa za aina maalumu, zikapewa chakula kilekile, zikawekwa juu ya jeli zilizotofautiana kitu kimoja: ugumu. Juu ya jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), seli zilianza kutoa vitawi kama neva. Juu ya jeli ya ugumu wa msuli, kilopaskali 8 hadi 17, zilirefuka kama seli za misuli. Kwenye kilopaskali 25 hadi 40, ugumu wa mfupa ambao bado haujaingiwa na madini, zilianza kuonyesha dalili za seli za mfupa. Hazikuwa ubongo kamili wala mfupa kamili, na si vizuri kuyatangaza matokeo hayo kupita kiasi. Lakini nilipoyasoma mara ya kwanza niliweka chini karatasi nikatoka nje kupunga upepo. Miaka yote nilikuwa nikifundisha kwamba seli huambiwa kwa kemikali, na kumbe huambiwa pia kwa kuguswa.

Mina Bissell, aliyezaliwa Iran na kufanya kazi Berkeley, California, alikuwa ameshalisema hilo mapema. Mwaka 1982, yeye na wenzake waliandika kwamba matriki na kiini cha seli vinaongozana pande zote mbili, na wengi hawakumwelewa. Ushahidi wake uliokuja kuwa maarufu ulitokana na maziwa. Seli za matiti ya panya zikiwekwa kwenye plastiki tambarare, zinalala bapa na kuacha kutengeneza maziwa, hata zikipewa homoni zote. Zikiwekwa ndani ya jeli laini yenye laminini, zinajikusanya kuwa vijitufe vyenye uwazi katikati, zinapata upande wa mbele na wa nyuma, na kuanza kumwaga protini ya maziwa kwenye uwazi ule. Homoni zilikuwepo mara zote mbili. Kiwambo kilikuwepo mara moja.

Mwaka 1997 maabara yake ilienda mbali zaidi kwa seli za saratani ya titi la binadamu. Ndani ya jeli, seli hizo hukua ovyo, bila mpangilio. Walipozuia integrini ya aina moja kwa kingamwili, seli zikajipanga tena kwenye vijitufe vya kawaida na kuacha kuongezeka ovyo, ingawa kasoro zote za jeni zilikuwa bado zimo ndani yake. Hiyo si tiba, na mtu asiuze dawa kwa jina lake. Inachoonyesha ni kwamba hata seli yenye jeni mbovu bado inasikiliza mahali ilipo.

Elastini inastahili aya yake. Hii ndiyo inayoufanya mshipa mkubwa wa damu utanuke kila moyo unapopiga kisha urudi. Tofauti na hayaluroniki inayobadilishwa kila siku, elastini hutengenezwa zaidi kabla ya kuzaliwa na utotoni, kisha utengenezaji wake unakaribia kukoma. Iliyomo kwenye mapafu ya mzee wa Magomeni ni ileile aliyokuwa nayo akicheza chandimu. Mwaka 1998 panya walioondolewa jeni ya elastini walikufa siku chache baada ya kuzaliwa, na sababu haikuwa kwamba mishipa ilipasuka, kama ambavyo mtu angetegemea. Seli za misuli ya ukuta wa mshipa ziliongezeka na kuongezeka mpaka zikaziba njia ya damu. Kwa hiyo kile tulichodhani ni mpira tu kilikuwa pia kikiwaambia majirani: tosheni, simameni hapo.

Na kuna kubomoa. Baada ya mvua za masika, madimbwi ya pembeni mwa barabara za Mbagala na Tandika yanajaa viluwiluwi. Watoto huvifuga kwenye chupa, na wengi wameona mkia ukifupika siku hadi siku huku miguu ikitokeza. Mkia ule hauanguki. Unayeyushwa ukiwa mahali pake, na kilicho kigumu zaidi kuyeyusha ni kolajeni, kamba ambayo vimeng'enya vya kawaida vya tumbo havina habari nayo. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapiere waliweka vipande vya mkia wa kiluwiluwi juu ya jeli ya kolajeni, na jeli ikatoboka pembeni mwa kila kipande. Ndivyo kilivyogunduliwa kimeng'enya cha kwanza cha wanyama cha kukata kolajeni. Leo tunajua ukoo mzima wa vimeng'enya hivyo, na kwamba hakuna kiungo kinachojengwa bila hivyo: kichipukizi cha tezi hakiwezi kusonga mbele bila kupunguza kiwambo kilicho mbele yake, na mfupa wa mguu, ambao kwanza hujengwa kwa gegedu, lazima gegedu hiyo iliwe ili mfupa uchukue nafasi yake.

Nimefika kwenye sababu iliyonifanya niandike. Katika ukoo wetu alizaliwa mtoto wa kike nyayo zote mbili zikiwa zimegeukia ndani, visigino vimepanda juu. Huo ni mguu kifundo, na duniani humpata takriban mtoto mmoja kati ya 1,000. Kabla hajatimiza siku saba, mama yake alikuwa ameshaulizwa alikula nini, alimcheka mlemavu gani, alipita wapi usiku. Nilimkuta chumbani analia, mtoto amemfunika miguu kwa kanga mbili ili wageni wasione.

Chakula na njia za usiku havihusiki. Miguu ile ilianza kupinda tumboni, miezi ya katikati ya mimba. Nyuma na ndani ya kifundo chake, ligamenti, yaani mikanda inayounganisha mfupa na mfupa, zilikuwa nene, fupi, zimejaa kolajeni kupita kiasi. Lakini Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa tangu miaka ya 1940, alizitazama ligamenti hizo kwa darubini na kuona jambo ambalo wapasuaji wengi walikuwa wamelipita: nyuzi zake zina mawimbi, kama nywele zilizosukwa kisha zikafumuliwa. Ukizivuta taratibu, mawimbi yananyooka na ligamenti inarefuka bila kuchanika. Siku chache baadaye, mawimbi yamerudi kwenye urefu ule mpya, na unaweza kuvuta tena.

Tiba yake yote imesimama juu ya hilo. Daktari anaukanda mguu kwa mkono, anaugeuza kidogo tu, anaufunga hogo ili ukae hapo. Wiki inayofuata hogo linafunguliwa, mawimbi yamerudi, mguu unageuzwa kidogo tena. Mara nyingi hogo tano hadi saba zinatosha. Kisha, kwa watoto wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo, na ndani ya wiki tatu seli zinasokota kolajeni mpya kwenye pengo lile, kano inajiunga ikiwa ndefu zaidi. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT pale Msasani ni miongoni mwa zinazotibu kwa njia hiyo. Tiba ikianza wiki za mwanzo ni bora zaidi, kwa hiyo kila siku inayopotea kwenye maswali ya nani kaloga ni siku ya kolajeni laini inayopotea.

Binti yetu sasa ana miaka mitatu. Mchana anakimbizana na wenzake uani, na mgeni hawezi kujua. Lakini kila jioni, akishaoga, mama yake anamvisha viatu viwili vya kulala navyo, vilivyounganishwa kwa chuma, na kila jioni analalamika. Bibi yake aliniuliza kwa nini bado anateswa wakati mguu umeshanyooka. Nikamweleza kwamba seli za miguu ile bado zinatoa kolajeni nyingi na kuivuta, kwamba zitaendelea hivyo mpaka afike miaka minne au zaidi, na kwamba usiku, akiwa amelala, ndipo zingeipata nafasi ya kuurudisha mguu ndani. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu wake, akamkalisha mapajani, akafunga kamba za viatu yeye mwenyewe.